Gololi Ishirini na Mbili

Wanafunzi wangu wapendwa, mmeniomba mara kadhaa niwaandikie juu ya tofauti kati ya kusema "fulani ameiba" na kusema "fulani anatuhumiwa kuiba". Nimekuwa nikiahirisha, kwa kuwa siwezi kuieleza tofauti hiyo kwa uaminifu bila kusimulia habari ya baiskeli yangu, na habari hiyo hainipambi hata kidogo.

Baiskeli ninayoendea kazini ni ile nyeusi ya chuma, yenye fremu nzito na keria pana nyuma, ambayo kila mkaazi wa mashariki ya Uganda anaijua. Imebeba ndizi, imebeba mitungi ya maji, imebeba wagonjwa. Shule iko takriban kilomita saba kutoka kwangu, upande wa Tororo, na njia ni ya changarawe yenye vilima viwili ambavyo asubuhi huviona vitatu. Mwezi Machi, kabla mvua hazijashika, niliipeleka kwa fundi kijana anayefanyia kazi chini ya mwembe, karibu na kituo cha boda boda. Kijana huyo nilimfundisha mimi mwenyewe hadi kidato cha tatu, karo ilipomshinda. Nilimwomba abadilishe gololi za ekseli ya kati, yaani ile inayopita chini ya fremu na kuiunganisha mikono miwili ya pedali. Alinitoza shilingi 15,000 pamoja na grisi. Nilipokuwa nikihesabu pesa aliniambia neno fulani, nami nikamwitikia bila kumsikiliza, maana nilikuwa na madaftari ya kusahihisha. Neno hilo tutalirudia.

Siku ya nne baiskeli ikaanza kulia.

Haukuwa mlio mkubwa. Ulikuwa mlio mkavu, kama wa kitanda cha mbao mtu anapojigeuza usiku, nao ulisikika mara moja katika kila mzunguko wa pedali. Nikipanda kilima ulizidi. Nikiacha kukanyaga na kuiacha baiskeli iteremke yenyewe, ulinyamaza. Mtu makini angejifunza mengi kutokana na hayo machache. Kelele inayonyamaza usipokanyaga haielekei kutoka kwenye magurudumu, kwa maana magurudumu bado yanazunguka. Kelele inayorudi kwa kila mzunguko wa pedali haielekei kutoka kwenye pingili moja ya mnyororo, kwa maana mnyororo huchukua mizunguko zaidi ya mmoja wa pedali kurudi ulipoanzia. Niliposimama juu ya pedali, nikiwa nimeliacha tandiko tupu, mlio uliendelea. Basi si tandiko. Hadi hapo nilikwenda vizuri, hatua kwa hatua, kama mtu aliyesoma. Kutoka hapo nikaruka.

Nilijiambia hivi: sehemu iliyoguswa ni ekseli ya kati, aliyeigusa ni yule kijana, na kelele inatoka huko huko; basi hakutia gololi mpya. Amezipangusa zangu kuukuu, akazirudisha, akala pesa.

Jioni ya Jumatano nilipita kwenye kibanda cha chai. Walikuwapo watu saba au wanane, na miongoni mwao watatu ni waendesha baiskeli za kubebea abiria, yaani wateja wa kijana yule. Mmoja aliniuliza mbona baiskeli ya mwalimu inalia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Sikusema "nashuku". Sikusema "huenda". Nilisema, kwa Kiswahili safi chenye upatanisho wa kisarufi usio na dosari, "Yule fundi wenu ameniibia gololi." Watu wakacheka, kisha wakaguna, kisha mmoja akakumbuka kwamba hata yeye tairi lake lilipata pancha wiki moja baada ya kutengenezwa pale. Mwingine akakumbuka jambo jingine. Ndivyo mambo yanavyokwenda katika kibanda cha chai. Wahenga walisema msema pweke hakosi, na jioni ile nilisema pweke, tena mbele ya kadamnasi.

Alhamisi nikaenda mbali zaidi: nilimfikia mwenyekiti wa kijiji. Kwa wale wanaonisoma kutoka nje ya Uganda, nieleze kwamba ngazi ya chini kabisa ya utawala wetu ni baraza la kijiji, ambalo sote huliita LC1, na kwamba Sheria ya Mahakama za Mabaraza ya mwaka 2006 huipa kamati yake mamlaka ya kukaa kama mahakama na kuamua migogoro midogo midogo, kama vile ya madeni, ya makubaliano na ya mali iliyoharibiwa. Hakuna mawakili, na watu husema kwa lugha wanayoielewa. Ni chombo kizuri, nami nimekisifu darasani. Mwenyekiti alinisikiliza, akaandika katika daftari lake, akasema kijana ataitwa Jumapili baada ya ibada. Aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, umeifungua ukaona?" Nilimjibu kwamba sihitaji kuifungua, masikio ninayo.

Ijumaa nilikuwa na kidato cha pili. Mada ya sarufi ilikuwa kauli ya kutendea, na kifungu cha ufahamu nilikuwa nimekitayarisha kutokana na Ibara ya 28 ya Katiba yetu ya mwaka 1995, ile inayohusu haki ya kusikilizwa. Inasema, kwa maneno yangu, kwamba anayeshtakiwa kwa kosa la jinai huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe kwamba anayo, au mpaka akiri mwenyewe. Tulikisoma kifungu, tukakijadili, watoto wakajibu maswali. Kisha nikageukia ubao kuonyesha jinsi kitenzi kinavyonyambuliwa: leta, letea, soma, somea, iba, ibia. Nikahitaji sentensi ya mfano. Mkono wangu ukaandika wenyewe: "Fundi ameniibia gololi."

Msichana mmoja wa dawati la mbele, ambaye kwa kawaida hufungua kinywa mara moja kwa muhula, alinyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Huyo fundi ameshahukumiwa?"

Nikamwambia huu ni mfano tu.

"Ndiyo, mwalimu. Lakini sisi tunamjua."

Darasa likawa kimya. Ningeweza kufuta na kuandika "mwizi ameniibia kuku", na somo likaendelea. Badala yake nilisimama pale na chaki mkononi, nikiitazama silabi ile ya katikati, -me-, ambayo kila mwaka nawafundisha kwamba hueleza tendo lililokamilika. Ni lini lilikamilika? Nani aliliona? Hatimaye nikaandika chini yake sentensi ya pili, "Fundi anatuhumiwa kuiba gololi," na ya tatu, "Inadaiwa kwamba fundi ameiba gololi," nikawataka waeleze katika kila sentensi mzigo wa kuthibitisha uko juu ya nani. Walieleza vizuri. Kengele ilipolia nilitoka kama aliyesamehewa kabla ya adhabu.

Hata hivyo msinidhanie mema kupita kiasi. Jumamosi asubuhi nilipoipindua baiskeli uani, sikuwa ninatafuta ukweli. Nilikuwa ninatafuta ushahidi. Nilitaka nifike kwa mwenyekiti nikiwa na gololi zilizochakaa ndani ya karatasi. Niliazima nyundo na spana, nikaweka beseni la mafuta ya taa, nikatandika gunia.

Sasa sikilizeni jinsi kazi yenyewe inavyofanywa, kwa kuwa wengi wenu mna baiskeli za aina hii nyumbani na si lazima mlipie kila kelele. Mkono wa pedali haukushikamana na ekseli kwa nguvu za kichawi. Kuna pini ya chuma, ambayo mafundi wetu huiita kotapini, ambayo unene wake haufiki hata sentimita moja, na ubavu wake mmoja umechongwa bapa kwa mteremko mdogo, mfano wa kabari. Ekseli nayo imechongwa bapa mahali pamoja. Pini ikipigwa nyundo, bapa hukutana na bapa, kabari hujikaza, na mkono na ekseli huwa kitu kimoja. Ncha ya pili ya pini ina nati. Kuitoa, hulegeza nati mpaka ilingane na ncha ya pini, kisha ukapiga; ukiiondoa nati kabisa ukapiga pini yenyewe, utaharibu hesi zake na hutaweza kuifunga tena.

Nilipiga pini ya mkono wa kushoto. Ilitoka kwa mapigo mawili, kwa urahisi ambao ungenishangaza kama ningekuwa na nafasi ya kushangaa. Niliitupa kwenye beseni bila kuiangalia. Nikafungua pete ya kukazia, nikafungua kikombe cha chuma cha upande huo, nikaivuta ekseli, huku sahani nyeupe ya chakula ikiwa chini kupokea gololi. (Mke wangu ameniomba niandike kwamba hakuombwa ruhusa juu ya sahani hiyo.) Zilidondoka katika grisi nene, safi, rangi ya asali. Nikazihesabu. Kumi na moja upande mmoja. Kumi na moja upande wa pili. Nikazifuta moja moja kwa kitambaa, nikaziinua juani. Zilikuwa zinang'aa kama macho ya paka. Hakuna iliyokuwa na alama, hakuna iliyokuwa ndogo kuliko nyingine. Gololi ishirini na mbili, mpya.

Nimeketi mbele ya mitihani mingi maishani, lakini sikumbuki karatasi iliyonitoa jasho kama sahani ile.

Na bado, wanafunzi wangu, moyo wa binadamu una ukaidi wake. Nilijiambia kwamba basi huenda amezipanga vibaya. Nikazisafisha, nikazirudisha kwa grisi mpya, nikafunga, nikairudisha pini ile ile, nikaikaza nati kwa nguvu zangu zote, nikatoka barabarani. Hatua hamsini. Ikalia.

Jirani yangu, mzee ambaye katika ujana wake alikuwa akibeba abiria kwa baiskeli pale Busia, alikuwa ameegemea ua akinitazama. Mnajua kwamba neno boda boda limetoka huko mpakani, ambako tangu miaka ya 1960 wenye baiskeli waliwavusha watu na mizigo kati ya vituo vya Kenya na Uganda, wakiita kwa Kiingereza chao cha njiani, "Boda! Boda!" Mzee wangu ni wa kizazi kilichofuata. Kiswahili chake ni cha mpakani, hakijali ngeli, na kwa miaka mingi nilikuwa nikikisahihisha kimoyomoyo kila aliponisalimu.

"Mwalimu," akaniambia, "wewe nasikia na masikio. Baiskeli nashika na mukono."

Akaingia uani. Akaushika mkono wa pedali wa kulia kwa kiganja kimoja na wa kushoto kwa kingine, akavisukuma kwa zamu, mbele na nyuma. Wa kulia ulitulia. Wa kushoto ulicheza, kidogo sana, upana wa ukucha, na katika kucheza ule ulitoa mlio wangu. Akanieleza: mikono yote miwili ikicheza pamoja, tatizo liko kwenye gololi au vikombe vyake, mmoja ukicheza peke yake na mwenzake umetulia, tatizo ni pini yake. Chuma cha fremu, akasema, ni kimoja kuanzia usukani hadi keria, na sauti hupita ndani yake kama maji kwenye bomba; sikio hukuambia kwamba pana ugonjwa, lakini halikuambii pa kushika. Yeye mwenyewe aliwahi kubadilisha pedali mbili kwa sababu ya tandiko.

Akaitoa pini, akaifuta kwenye suruali yake, akaniwekea kiganjani. Kwenye ubavu ule bapa palikuwa na ngazi. Ekseli ilikuwa imeula upande mmoja mpaka ikachimba kidaraja, na kila nilipokanyaga, mkono uliteleza kutoka daraja hadi daraja.

Hapo ndipo neno la mwezi Machi liliporudi, sauti na yote, pamoja na mwembe na pesa mkononi. "Mwalimu, kotapini ya kushoto imechoka. Ni shilingi elfu mbili tu, niiweke mpya?" Nami nilijibu, "Siku nyingine," nikidhani kimoyomoyo kwamba kijana anatafuta pa kuongezea.

Mzee alinituma dukani. Muuzaji alikuwa na pini za saizi mbili, moja ya milimita 9 na nyingine ya milimita 9.5, na kwa macho hazitofautiani. Nilikuwa nimekwenda na ile ya zamani, nikapima tundu kwa tundu, nikachukua ile nene. Bapa lake lilikuwa na mabonde madogo ya kiwandani, mzee akalisawazisha kwa tupa, akijaribu na kuondoa, akijaribu na kuondoa, mpaka hesi zikatokeza upande wa pili kiasi cha kutosha nati. Kisha akanionyesha kosa langu la pili. Nati haivuti pini. Kazi yake ni kuilinda tu isirudi nyuma. Kinachoikaza ni nyundo. Na ukipiga nyundo bila kuutegemeza mkono wa pedali kwa chini, pigo lote hushukia kwenye gololi na kuviachia vikombe makovu. Aliweka kipande cha bomba la chuma chini ya mkono, kikisimama juu ya jiwe, pini ikapita katikati ya tundu la bomba, akapiga mara nne. Sauti ya pigo la nne ilikuwa tofauti na ya kwanza, ngumu na fupi. "Umesikia?" akauliza. Nilisikia. Akanionya tena: pini za mikono miwili huingia kwa kuelekeana kinyume, usipofanya hivyo mikono haitanyooka, na baada ya safari ya kwanza, piga tena, kaza tena, kwa kuwa chuma kipya hukaa polepole.

Nilipanda hadi kilima cha kwanza na kurudi. Nilisikia changarawe, nikasikia ndege, nikasikia pumzi yangu.

Ningependa kusema kwamba nilikwenda mbio kwa kijana jioni ile ile. Sikwenda. Usiku nilifikiri juu ya namna ya kumwambia mwenyekiti kwamba "jambo limekwisha", maneno mawili laini ambayo hayamtaji mkosaji. Lugha yetu ina mitego mingi ya aina hiyo, na mwalimu wa lugha anaijua yote: limekwisha, ilitokea, palikuwa na kutoelewana.

Jumapili kamati ilikaa chini ya mti, nyumbani kwa mwenyekiti. Kijana alikuja amevaa shati la ibada, akaketi ukingoni mwa benchi. Mwenyekiti alinipa nafasi kama mlalamikaji. Nilisimama na ile pini kuukuu mkononi, nikasema kwamba niliifungua baiskeli. Kwamba gololi zilikuwa ishirini na mbili na zote mpya. Kwamba kelele ilitokana na pini ambayo fundi aliniambia niibadilishe nami nikakataa. Na kwamba nilimwita mwizi, ilhali hakuiba. Pini ikapita mkono kwa mkono katika kamati. Mwenyekiti akafungua daftari, akakata alichokuwa amekiandika, akamgeukia kijana na kumuuliza kama ana la kusema.

Alikaa kimya kidogo.

"Mwalimu, nashukuru," akasema. "Lakini hapa tuko watu sita. Yale maneno uliyasemea pale kwenye chai. Tangu Jumatano, waendesha baiskeli wawili wanapita kwangu kwenda kwa fundi wa sokoni. Ninaomba ukayaseme pale pale."

Hapakuwa na ukali katika sauti yake, wala hakudai fidia, ingawa mjumbe mmoja alimkumbusha kwamba angeweza. Hesabu yake ilikuwa wazi kuliko sheria. Ibara ya 28 niliyoifundisha kwa ufasaha inaifunga mahakama. Haikifungi kibanda cha chai. Hukumu yangu ilikuwa imetolewa na kutekelezwa mahali ambapo hapana jaji, hapana daftari, na hapana rufani isipokuwa mimi mwenyewe nirudi.

Jumatatu jioni nilirudi. Niliagiza chai kwanza, jambo ambalo lilikuwa kosa, kwa sababu iliniungua ulimi na nikaanza kwa kukohoa. Nilisema sentensi tatu, zote zikiwa na nafsi ya kwanza umoja mwanzoni: nilisema uongo, sikuchunguza, ninaomba mlijue hilo. Walicheka, safari hii kwa namna nyingine, na sikuweza kuwalaumu. Aliyekumbuka habari ya tairi lake aliangalia ndani ya kikombe. Mmoja wa wale wawili aliuliza, "Sasa iliyokuwa inalia ni nini?" Nikaitoa pini mfukoni, na kwa robo saa tulizungumza juu ya kotapini, na kila mmoja alikuwa na maoni yake kuhusu tupa.

Ijumaa iliyofuata niliandika ubaoni sentensi ya nne chini ya zile tatu, "Mwalimu alimsingizia fundi," nikawaomba kidato cha pili wanyambue kitenzi. Msingiziwa, akasema yule msichana. Msingiziaji, akaongeza mwingine, bila kuulizwa.

Wiki hiyo hiyo pini ya kulia nayo ilianza kulegea, kama mzee alivyotabiri, kwa kuwa ni ya umri mmoja na mwenzake. Ningeweza kuibadilisha mwenyewe uani, sasa najua. Niliisukuma baiskeli hadi chini ya mwembe. Palikuwa na watu wawili mbele yangu. Kijana aliinua macho, akanisalimu shikamoo, akanionyesha kwa spana benchi la kusubiri, nami nikaketi zamu yangu.